Sufuria Iliyovikwa Blanketi

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Na baba shikamoo, maana najua mtaisoma wote wawili hapo barazani, na baba atakuwa anauliza "amesema nini tena?" kabla hujamaliza mstari. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma umeitumia, au umeshampa jirani? Na mikorosho imeanza kutoa maua? Sisi huku hatujambo. Nasra siku hizi hatembei, anakimbia, na neno analolipenda kuliko yote ni "sitaki". Baba yake anasema amelirithi kwa bibi yake. Mimi simo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tulishindwana. Nilipoanza kukueleza ukalia, baba akachukua simu, mara salio likakata. Humu utaniacha nimalize.

Mama, uliniambia hivi: "Kama mji umewashinda, nipe mtoto. Mihogo ninayo, na nguvu bado ninazo." Maneno hayo ninayo kichwani tangu siku ile, nikifua ninayo, nikipika ninayo. Najua umeyasema kwa upendo. Lakini najua pia yametoka kwa shangazi Mwanahawa, aliyekuja kununua vitenge vyake vya biashara, akalala kwetu, akarudi Newala na habari kwamba tumeishiwa hadi tunamficha mgeni chakula.

Ngoja nikusimulie mwenyewe.

Shangazi alifika adhuhuri, amechoka na safari. Nikamtandikia mkeka, nikampa maji, nikamwambia chakula kinaiva. Akatazama koridoni tunakopikia. Jiko limepoa, majivu matupu. Akanigeukia.

"Kinaiva wapi, mwanangu?"

Nikacheka. Nikamwambia kipo, utaona. Nilitaka kumshangaza tu, mama, kama mtu anayefunua zawadi. Mara nikasikia bomba la uani linatoa maji, na huku kwetu yakitoka unakimbia, hujui yatakatika saa ngapi. Nikabeba ndoo, nikamwacha na Nasra. Kumbe akataka kuegemea pale pembeni mwa kitanda, akasogeza blanketi, akakuta kapu. Ndani ya kapu sufuria ya moto, imefungwa kanga kama mtoto mchanga. Akairudishia blanketi lake. Niliporudi nilimkuta amekaa mlangoni, mkoba mapajani.

"Shangazi, karibu tule."

"Nimeshiba. Nilikula njiani."

"Njiani wapi? Si umeingia unasema una njaa?"

"Njaa imepita."

Nikamfunulia kapu, nikampakulia maharage na chapati. Akala vipande viwili, akanawa. Mimi nikadhani ni uchovu. Na kwenye kunawa nikazidi kuharibu, maana nilimwambia, "Shangazi, hayo maji usiyamwage, yatie kwenye ile ndoo ya bluu, ni ya chooni." Akaniuliza, "Yaani nimeacha shida ya maji Newala nije niikute tena mjini?" Halafu akaona winda za Nasra kwenye kamba. "Hata pampasi mmekosa?" Nikamjibu tumeziacha. Kwa shangazi kuacha na kukosa ni kitu kimoja, mama. Kwangu sivyo, na hilo ndilo nataka unielewe.

Ilianza kipindi cha masika. Mtaro wa nyuma ya nyumba uliziba, maji yakarudi ndani mpaka koridoni, machafu, yananuka. Nilimpandisha Nasra juu ya kitanda nikakaa naye hapo mpaka yakapungua. Mvua ilipokatika, watu wa mtaa wakatoka na makoleo kuzibua. Unajua kilichotoka? Pampasi. Wanavuta moja inakuja na nyingine, zimevimba kama mito. Kijana mmoja akawa anapiga kelele, "Wenye watoto, njooni mchukue mali zenu!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha kikatoka kiroba cha unga kimeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu, ile mishono ya kupishana uliyonifundisha kwenye magunia ya korosho. Kicheko kiliniisha pale pale. Kile kiroba, chenye taka zangu, nilikuwa nimempa mtu wa mkokoteni wa taka akapeleke jalalani, na pesa yake nikamlipa.

Nikamngoja alipopita. Nikamuuliza. Akasema, "Dada, sasa ulitaka nikupelekee wapi, Ulaya?"

Nilitaka kumtukana lakini sikumtukana. Niliingia ndani nikakaa. Nikaona kwamba mimi nikitupa, kinaondoka mlangoni kwangu tu. Maji yakija yananirudishia, na anayekuja kuchezea hayo maji ni Nasra, si yule wa mkokoteni. Basi nikachana kanga zangu mbili zilizochakaa nikashona winda. Wiki ya kwanza nilitaka kulia, mama, kufua si mchezo. Wenzangu uani wakaniuliza kama nimerudi kijijini. Nikawaambia ndiyo, nimerudi, na nyie mnakaribishwa.

Ya maji ndiyo yaliyofuata, kwa sababu winda zinakula maji. Hapo sikufundishwa na mtu wa mjini. Ni wewe uliyetuogesha watoto wote kwa ndoo moja, kisha maji yale yale ukayapeleka kwenye mche wa mpapai. Nilipokuja Dar nilifurahi kufungua bomba nikayaacha yatiririke hivi hivi, nayatazama. Sasa ya kusuuzia nguo nayakinga, ndiyo ya chooni. Basi.

Na kapu nimejifunza kwa Mama Joy, jirani yangu, Mchaga wa Rombo, anayewauzia wabeba mizigo wa sokoni maharage na chapati asubuhi. Yeye anayachemsha maharage mpaka yanatokota sawasawa, anafunika, anaitia sufuria kwenye kapu lililojazwa matambara na sufi, anavika blanketi. Moto anauzima. Maharage yanaendelea kuiva yenyewe humo kwa joto lake. Niliona kama uongo mpaka nilipojaribu. Nami nilikuwa na sababu yangu: koridoni kwetu majiko ni mengi, moshi wa mkaa unarudi vyumbani, na Nasra alikuwa anakohoa kila jioni. Sasa jiko nalizima mapema. Sitakudanganya kwamba kikohozi kimekwisha kabisa, jiko la jirani bado linafuka, lakini analala. Na wapangaji wengine wawili hapa nyumbani wameshashona makapu yao. Mama Joy akipita mlangoni kwangu ananiita, "Mama Nasra, kapu lako limeshika mimba tena? Linajifungua saa ngapi?" Namjibu, "Mchana, njoo na sahani."

Habari ya shangazi ilipofika, Baba Nasra alikosa raha. Unamjua, hapendi kusemwa. Akaniambia, "Si tununue tu pampasi, tuwashe mkaa kutwa, tuonekane watu?"

"Tuonekane kwa nani?"

"Kwa mama yako! Unataka aseme simlishi mtoto?"

Halafu akasema taratibu, huku ananikwepa macho, kwamba labda Nasra akapumzike kwa bibi yake mpaka maneno yapoe. Nikamwambia, mtoto hapelekwi mahali ili watu wanyamaze. Akipelekwa leo, hata mimi nitaamini kwamba tumeshindwa. Baadaye nikamwona anachukua beseni la winda anaenda kuanika, mwenyewe, uani, mbele ya wanawake wote, na Mama Joy akampigia vigelegele mpaka akaona haya.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, na naliandika nikiwa nimepiga magoti. Nasra hatakuja kukaa. Usinikasirikie. Nilimzaa hapa na nataka akulie hapa, na kama hapa pana uchafu, basi nitaanza na ule unaotoka chumbani kwangu. Najua mtaro ni mrefu na mimi ni mtu mmoja mwenye beseni. Hata hivyo masika yakirudi, kiroba changu hakitakuwemo.

Shemeji anayekuja huko kwenye korosho atakukabidhi barua hii pamoja na kapu. Si la kuwekea nguo, mama! Nimelishona mwenyewe. Chemsha kunde zako, zikitokota vizuri zitie humo, vika blanketi, kisha nenda zako shamba ukiwa umezima kuni. Na siku hiyo mwite shangazi Mwanahawa. Kapu liweke katikati ya mkeka, lifunue mbele ya macho yake, umpakulie yeye kwanza. Mwambie sina kinyongo naye. Mgeni akikuta sufuria ya moto chini ya blanketi, angefikiri nini kingine? Hata mimi ningekasirika.

Msalimie baba, mwambie namwombea msimu mzuri. Msalimie dada Asumini na wanawe, na mjomba fundi baiskeli, na bibi yetu mzaa baba, mwambie kitukuu wake sasa ana meno ya kutosha kumng'ata. Baba Nasra anakuamkia sana, anaona aibu kidogo kuzungumza nawe, mpigie wewe kwanza.

Korosho zikishauzwa tutapata nauli. Nitamleta Nasra mwenyewe, umshike, umnenepeshe kwa mihogo yako, akwambie "sitaki" mpaka uchoke. Kisha nitarudi naye.

Mimi mwanao nikupendaye,

Somoe,
mama yake Nasra