Batri ya Mama

Kalemie, tarehe 14 Mei 2025

Mupendwa kaka yangu mukubwa, Yaya Rubens,

Nakusalimu kutoka hapa nyumbani. Unaendelea namna gani huko Lubumbashi? Mugongo wako uliokuzuia kuja kwa matanga umepata nafuu? Bijou na watoto wako salama? Sisi tunapumua tu. Nyumba imekuwa kubwa sana tangu tumuzike Mama.

Papa hajashika jembe tangu matanga. Muhogo unaliwa na nguruwe za watu, naye anaangalia tu.

Yaya, najua unajiuliza sababu gani Papa hapokei simu zako. Kwenye matanga aliwaambia watu wote kama batri uliyotuma ilikuwa mbaya, kama ile njo ilimuua Mama. Nilikuwa palepale na sahani mukononi, nikanyamaza. Nina haya hata kuandika.

Batri haikuwa mbaya. Mimi njo niliiharibu.

Unakumbuka vile ulinifundisha kwa simu. Chaja inaenda kwa hatua: kwanza taa nyekundu, inasukuma kwa nguvu, halafu ya manjano, inajaza polepole, na hapo njo watu wanakosa subira, mwisho ya kijani, inatunza tu. Tena kabla ya yote nichague alama ya jeli, maana batri yetu ni ya jeli. Ile alama ingine, ya nguvu, ni ya batri za maji, za malori. Ulinirudilia mara tatu mpaka nikakucheka.

Lakini juma lile umeme ulikuja masaa mawili mawili tu na kukatika tena, na ile taa ya manjano haikutaka kumalizika. Mashini ya pumzi ya Mama ilikula batri sana. Basi nikabonyeza ile alama ya malori. Siku ya tatu kijani ikawaka mbio, nikafurahi, Yaya! Nikamuambia Mama, "Leo hautakosa pumzi." Sikuangalia pande za batri. Kumbe zilikuwa zimevimba.

Alhamisi saa saba mchana umeme ukakatika. Batri iliyozoea kutubeba masaa manne ikazimika baada ya dakika kumi. Nikakimbia kutafuta pikipiki ya kumupeleka hospitali. Niliporudi nayo, Papa alikuwa bado anamupepea na mufuniko wa sufuria, na Mama alikuwa amekwisha kwenda.

Saa tisa umeme ukarudi. Mashini ikaanza kunguruma yenyewe, hakuna mutu aliyekumbuka kuizima.

Namulilia Mama kila siku. Na wewe pia nakulilia, maana nimekuacha ubebe kosa langu miezi miwili mizima. Ukinikasirikia, uko na haki.

Umusalimie Bijou, na Destin, na Chantal mudogo. Shangazi Agnès anawakumbuka wote. Mungu awafunike na mukono wake.

Ni mimi mudogo wako, ninayekupenda hata kama sistahili,
Carmel

Nimemusomea Papa barua hii yote kabla ya kuifunga. Hakuniangalia. Akaomba kalamu. Maneno haya ya chini ni yake.

Rubens mwanangu, batri yako ilikuwa nzima. Nitakupigia. Upokee.
Papa