Paa la Mianzi Kabla ya Kicheni Pati

Shangazi Maimuna, shikamoo. Nakuandikia vidole vikiwa vimejaa vibanzi vya mianzi, naomba uninusuru kabla Jumamosi haijafika.

Naitwa Benedikta, ni msanifu majengo, mimi na mwenzangu Manan tuna karakana hapa Kariakoo, tunasoma nadharia, tunachora kwenye kompyuta, halafu tunajenga wenyewe kwa mikono ili tuone kama tulichosoma ni kweli, watu wanatuita machizi lakini kazi tunaipenda, na mwaka huu tumejenga paa la mianzi lililojikunja kama gamba la kobe, halina nguzo hata moja katikati, juu ya ghorofa la mama yake Manan, Mama Harshida, na nia ilikuwa tulitundikie mizigo mpaka livunjike, tujue linaanzia wapi kushindwa. Sasa Shangazi, watu wamelipenda! Mama Harshida anasukuma papad, vile vichapati vyembamba vya dengu, chini yake, majirani wanapanda kupunga upepo, na Zulekha muuza vitenge ameomba kicheni pati ya binti yake Husna ifanyike pale Jumamosi hii, wameshapanga kutundika taa na maspika, na Mama Harshida kakubali huku anajisifu, "Mwanangu ndiye kajenga," yeye aliyenuna miaka yote kwa sababu Manan alikataa duka la familia. Nikamkumbusha Manan kwamba paa halijajaribiwa, akanijibu, "Bene, kompyuta imeshapiga hesabu, tulia." Lakini kompyuta inadhani mianzi yote ina unene mmoja, na zile kamba zinazoshika mianzi nimezifunga mimi, najua zipi zilinishinda nguvu. Nikisema, namwaibisha mwenzangu mbele ya mama yake wakati ndiyo kwanza anasifiwa. Nikinyamaza, wanawake watacheza chini ya kitu nisichokiamini. Nifanyeje?

Benedikta, Kariakoo

Marahaba, Benedikta. Barua yako haikuweza kungoja gazeti, nikakupigia simu, na niliyokwambia nayarudia hapa ili na wengine wasome. Kumlindia mwenzako heshima ni jambo jema, nakupongeza. Ila acha ujinga! Heshima ya Manan ikichubuka itapona. Shingo ya bibi harusi je? Nikakwambia umweleze Manan kwanza, mkiwa wawili, kisha mwende pamoja kwa mama yake mkaseme "bado hatujui", siyo "Manan kakosea". Ukaguna, lakini ukaenda.

Na ukanisimulia. Manan alikubali, mkaenda wote wawili. Mama Harshida alimkazia macho mwanawe, wewe ukadhani mambo yameharibika, kumbe kicheko kinampanda. "Yaani nasukuma papad chini ya majaribio!" Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha yeye mwenyewe akaagiza mifuko ya mchanga, wachukuzi wakaipandisha, mkaitundika mmoja mmoja kwa kamba ndefu, watu wote mbali, majirani wakichungulia madirishani. Fundo moja la mianzi likachomoka, upande mmoja wa paa ukashuka kwa kishindo. Zulekha akapaza sauti, "Afadhali leo!" na vigelegele vikalipuka mtaa mzima. Manan akaiokota ile kamba, akaigeuzageuza, akasema, "Kweli, kompyuta haijawahi kufunga fundo." Mkaongeza mianzi, mkatia bolti, mkatundika mzigo maradufu, paa likatulia tuli. Jumamosi Husna akafundwa chini yake, na nasikia Mama Harshida alimvuta kila mgeni mkono amwoneshe mahali mwanawe alipovunja paa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kujaribu ndiyo kazi yenu, na ni kazi nzuri, endeleeni. Lakini kuanzia leo, kitu ambacho hakijapimwa kifungiwe mlango, ufunguo ukae kwako, asipande mtu hata akija na sinia la pilau. Na hofu ikikupata, mwambie Manan hapo hapo, kabla hujaanza kutafuta kalamu. Mimi niko Posta, ofisi imejaa barua. Yeye yuko meza ya pili hapo karakanani.