Neno "Mpaka" Lilivyonifungia Korongo

Matombo,
Morogoro.
9 Julai 2025

Mpendwa Kaka Eustace,

Shikamoo. Natumaini vumbi la makaa ya mawe huko Songea halikisumbui tena kifua chako. Sisi huku miili ni mizima. Mama anaanika pilipili manga zake kama kawaida.

Nimekuja nyumbani kwa utafiti wa mwaka wa mwisho. Katika korongo lililo chini ya shamba la ukoo nimeona mwambani chapa ya jani lenye umbo la ulimi. Jani hilo lilienea hadi India na Australia, kisha likatoweka kipindi cha kale kiitwacho Permi kilipokwisha. Katika tabaka la juu yake sijaliona. Huenda mpaka wa Permi na Triasi, kipindi kilichofuata, unapita hapa petu! Alama yake rasmi, ambayo wanajiolojia wote huirejelea, iko China. Lakini je, dunia ilibadilika China peke yake? Mwamba wetu hauna ushahidi?

Neno moja limeniponza. Mjomba Severin aliponikuta na nyundo na futi kamba, aliuliza natafuta nini. Nikajibu, "Natafuta mpaka." Yeye na majirani aliokuwa nao wakaamini nimetumwa kupima shamba ili ligawanywe. Nikaeleza kuwa ni mpaka wa miaka milioni mia mbili na hamsini.

"We Paskalia," akasema, "kesi ya zamani hivyo, mlalamikaji yuko wapi?"

Walicheka. Kisha akaamua: nisikanyage korongo mpaka wewe, mkubwa wetu, uje useme nani kanituma.

Tangu hapo, nikifika bombani mazungumzo hukatika. Nimehutubia mikutano ya wanafunzi bila kutetemeka, Kaka, lakini kimya cha majirani sina hotuba ya kukijibu. Na bila korongo, Septemba sina cha kuwasilisha chuoni.

Makaa unayochimba yametokana na majani ya namna hiyo hiyo. Ndivyo tunavyolinganisha miamba iliyo mbali na mingine: kisukuku kimoja, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, wakati mmoja. Hujipa moyo kwamba mimi nawe tumesimama kwenye tabaka moja.

Mama huhesabu miaka ya kila jambo tangu ulipoondoka. Mimi nimefundishwa vingine: mpaka hauwekwi pale kitu kilipotoweka, maana huenda kipo, hakijaonekana tu. Huwekwa pale kipya kilipoonekana mara ya kwanza. Basi njoo, Kaka. Onekana tu pale chini ya shamba. Mjomba ataridhika, nasi tutaanza kuhesabu hapo.

Nisalimie wifi Lucy na Amosi wenu. Mungu akutoe salama mgodini kila siku.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Paskalia