Sikusema Kwamba Ulitubu

Mpendwa Baba Neema,

Ungekuwapo ungeanza kwa kucheka. Ungesema, "Mama Neema, unamwandikia nani? Si nilishakwambia mtu akifa ameisha?" Ulinieleza hivyo mara nyingi, tena kwa upole, na kila mara nilikujibu kwamba hilo huna hakika nalo. Basi nakuandikia. Tena naandika wazi, majirani wa hapa Mkonze wasome, ndugu zako wa Mpwapwa wasome, na wenzangu wa kwaya wasome, kwa sababu maneno yaliyosemwa juu yako msibani yalisemwa mbele za watu, na bado yanasemwa.

Nakukumbuka siku ulipofika nyumbani kwa baba yangu Mpwapwa mara ya kwanza, ukiwa bado mwanafunzi wa mifugo, mabuti yamejaa tope. Ng'ombe wetu mwekundu alikuwa ameshindwa kuzaa. Ulivua shati, ukaingiza mkono mpaka begani, ukawa unaongea naye taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto. Kisha ukamfunga ndama kamba miguuni, ukavuta, akatoka mzima. Baba akasema, "Mungu ni mwema." Ukamjibu, "Ndiyo, mzee, na kamba nayo imesaidia." Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya moto, nikainama ili nisionekane ninavyocheka.

Uliporudi na mshenga wako kuniposa, baba hakuwa ameisahau ile kamba. Alikuuliza mbele ya wajomba zangu wote, "Kijana, wewe ni Mkristo?" Mshenga alishafungua mdomo akujibie. Ukamtangulia.

"Nilibatizwa, mzee. Lakini nisikudanganye. Siamini kwamba Mungu yupo."

Nilikuwa chumba cha pili na shangazi. Alinishika mkono kama anayenipa pole ya msiba.

"Basi nithibitishie kwamba hayupo," baba akasema.

"Siwezi, mzee. Lakini sikuja hapa kumtaka mtu aache kuamini. Nimekuja kumwomba binti."

Wajomba walitegemea ufukuzwe. Baba akasema, "Huyu angekuwa mwongo, leo ndiyo siku ambayo uongo ungemfaa." Kisha akawaambia waendelee na mazungumzo ya mahari.

Tulifunga ndoa bomani, maana ulikataa kutamka kiapo usichokiamini. Kwa ajili hiyo mimi nikazuiwa meza ya Bwana mpaka Neema alipozaliwa. Iliniuma, nawe ulijua. Lakini hukuwahi kunizuia kwenda kanisani. Jumapili ulinipeleka kwa pikipiki, ukakaa nje na gazeti lako mpaka tutoke. Watu walikuwa wakitoka ibadani wanakuja moja kwa moja kwako kukuuliza habari za kuku wao wanaokufa kwa kideri. Mchungaji alitania kwamba wewe una waumini wengi kuliko yeye.

Na jinsi tulivyobishana! Ugali na mlenda vinapoa, sisi tunabishana, Neema anatutazama kama anayeangalia mpira. Ulisema anayedai kitu kipo ndiye wa kukionyesha. "Mfugaji akija ofisini akaniambia zizi lake lina kimeta, siwezi kufunga mnada wa ng'ombe kwa neno lake tu. Natafuta dalili, napeleka damu ikapimwe."

"Mimi sijakuambia ufunge mnada," nilikuwa nakujibu. "Mimi nasali jikoni kwangu. Tangu lini mtu anayesali jikoni kwake akadaiwa ushahidi?"

"Ukisali jikoni sikudai. Ukinitaka na mimi nipige magoti, hapo nakudai."

Nikikwama nilikuwa na neno langu moja: "Haya, nani anaweza kuthibitisha kwamba hayupo?" Nawe ulitabasamu, ukanawa mikono, ukaniachia ushindi. Nilidhani ni ushindi.

Kisha figo zikakuangusha. Miezi ile ya mwisho ulilala chumba cha mbele, macho yakawa yanafifia, ukawa unatutambua kwa sauti. Mchungaji alikuja kukuona. Alikaa pembeni ya kitanda, akakuuliza kwa heshima kama ungependa kutubu. Ulimshukuru kwa kuja. Ukamwambia, "Mchungaji, nikisema leo nimeamini, maumivu ndiyo yatakuwa yamesema. Ng'ombe akilia kwa uchungu hatusemi kwamba ameimba." Alicheka, mwenyewe hakutaka kucheka. Alikuombea hata hivyo, na ulimwitikia amina kwa adabu, kama unavyoitikia hodi.

Kuna jambo ambalo maana yake tuliijua sisi wawili tu. Siku zile nilipokuwa na kazi za ndani, ulikuwa unaniita: "Mama Neema, sali kwa sauti." Mara ya kwanza moyo ulinilipuka kwa furaha. Nikaja mbio, nikakuuliza, "Umesema nini?" Ukasema, "Sali kwa sauti, nijue uko wapi humu ndani. Ukinyamaza nadhani umetoka." Basi nikawa nasali kwa sauti nikifagia, nikipepeta mtama, nikikunja nguo za wateja wa kibanda changu cha ushonaji Kizota nilizozileta kushonea nyumbani. Wewe ulilala unasikiliza nilipo. Uliaga dunia asubuhi, nikiwa naosha vyombo, katikati ya sala.

Watu walijaa uani kabla ya mchana. Kaka yako mkubwa alifika kutoka Mpwapwa, akanivuta kando, karibu na tangi la maji. Alikuwa amelia, macho mekundu.

"Shemeji, wazee wa kanisa wameniambia hawawezi kumfanyia ibada mtu aliyekataa toba. Lakini wewe ndiye uliyekuwa naye. Sema alitubu mwishoni."

"Hakutubu, shemeji."

"Neema ameniambia alikuwa anakuomba usali. Si ndiyo hiyo?"

"Alitaka kujua niko wapi. Macho yalikuwa hayaoni."

"Hilo unalijua wewe peke yako." Akashusha sauti. "Sema alitubu, tumzike kwa heshima. Nani anaweza kuthibitisha kwamba hakutubu?"

Baba Neema, nililitambua neno hilo. Lilikuwa neno langu, lilelile la mezani, sasa linatoka kinywani kwa mtu mwingine na linataka kukutia maneno ambayo hukuyasema. Kila kitu kilikuwa tayari. Sala zilikuwepo, shahidi ni mimi, na wa kunipinga amelala chini ya shuka. Ningesema "ndiyo" moja tu, kengele ingegongwa na kwaya yangu ingekuimbia. Na nilitaka kukuimbia. Usidhani sikutaka.

Nikamwambia kaka yako, "Shemeji, nisamehe. Miaka yote aliniambia ukweli hata pale uongo ulipokuwa rahisi. Sitamzika kwa uongo wangu." Aliondoka. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa waliokuwa wamekaa kwenye turubai, nikawaambia mbele ya watu: mume wangu hakutubu, wasihangaike kuuliza tena.

Tulikuzika bila ibada. Mchungaji alikuja, hakuvaa joho, alivaa shati lake la shambani, akashika koleo pamoja na vijana mpaka kaburi likajaa. Sijui kama wakubwa wake walimwuliza. Walipomaliza, watu wakawa wanatazamana, hakuna ajuaye la kufanya. Nikasimama. Wanawake walinivuta kitenge, mjane hasemi kaburini. Nilisema hata hivyo. Nilisema, "Huyu hakuamini. Mimi naamini. Namwombea kwa imani yangu mimi, na asiyependa aondoke." Nikasali. Wengi walibaki. Kaka yako alibaki pia, mbali kidogo, kofia mkononi.

Baadaye wazee waliniita. Waliniuliza kama bado nina imani, au niliyasema yale kwa sababu uliniambukiza. Kuna waliotaka nivuliwe uongozi wangu wa umoja wa akina mama kanisani. Mzee mmoja akaniambia, "Mama Neema, tuthibitishie." Nilimjibu kwamba Mungu siwezi kumweka juu ya meza ile wamwone, hata wao hawawezi, na kila asubuhi nasali bila kumdai mtu chochote. Lakini nikimtaka mtu mwingine aishi kwa neno langu, au afe kwa neno langu, hapo ni haki yake kunidai. Hilo umenifundisha wewe, na nalishika nikiwa ndani ya kanisa. Sikuondoka, na uongozi sijauacha. Wachache hawanisalimii. Nitazoea.

Neema alirudi chuoni. Kabla ya kupanda basi alinishika bega, yeye ambaye hata sijui anaamini nini siku hizi, akasema, "Mama, ungesema baba alitubu, nisingekuamini tena ukiniambia habari za Mungu." Nilimpa karanga zake za njiani. Lakini nimelibeba hilo neno kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Sijabadilika, mume wangu. Bado nasema umekosea, na kwamba upo mahali fulani unashangaa. Ushahidi sina. Kama nimekosea mimi, barua hii haitakufikia, na hutajua kwamba bado nasali kwa sauti nikiwa na kazi za ndani, ingawa nyumba haina mtu wa kunisikiliza. Hiyo hatari nimeikubali.

Jana fundi alikuja kupima kaburi ili alijengee. Kaka yako alikuwa amempigia simu aweke msalaba. Nikampigia kaka yako, tukazungumza kwa muda mrefu, na mwisho akasema, "Haya, shemeji, wewe ndiye uliyemjua." Kwa hiyo lako litakuwa na jina lako na maneno "Bwana Mifugo", basi. Fundi akauliza mbona nimemwambia aache nafasi kubwa ubavuni. Nikamwambia hapo nitalala mimi, na langu liwe na msalaba.

Lala salama, Baba Neema.

Mkeo,
Mama Neema