Safari Aliyoiruka Aabo

Kitengela,
Machi 1998

Kwa ndugu yangu mpendwa Bishar,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Loitokitok, na kwamba vitunguu vyako havikuoza kwa mvua hizi. Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Nakuomba usiitupe kabla ya kuisoma. Musau, dereva wa lori la nyanya, ameniambia kwamba barua yangu ya Idi uliifungia sukari, nami nikacheka kwa sababu ya hasira. Hii soma kwanza, kisha ufungie chochote unachotaka.

Najua uliapa hutakanyaga tena nyumba hii maadamu Aabo, baba yetu, yu hai. Sijasahau siku ile wazee wa akina Waris walipokuja hapa kutoka Kajiado kuijibu posa yako. Walimwomba Aabo ataje baba zake, mmoja baada ya mwingine, kama baba yeyote wa Kisomali anavyofanya penye posa. Yeye akakaa na kikombe cha chai mkononi, kimya, mpaka chai ikapoa. Wale wazee wakasema mtu asiyetaja ukoo wake ana jambo analolificha, wakakunyima binti yao. Halafu midomo ya mji ikaanza kusema kwamba wewe si mtoto wake, na ndiyo sababu hajawahi kukuita kwa jina. Ni kweli hakuwahi. Maisha yako yote ulikuwa “mwana wa Fartun”, hata baada ya mama kufariki. Iliniuma wakati ule na inaniuma sasa.

Nikupe habari za hapa. Mvua ya El Niño ilitufanya kisiwa. Huu udongo mweusi haunywi maji, unajua, basi yakasimama kuzunguka nyumba hadi ua ukabaki vichwa vya nguzo tu. Lesiamon, jirani yetu, alivuka akiwabeba mbuzi wetu mabegani, akiwatukana kwa Kimaasai. Wengine hatukuwawahi. Aabo alisogeza kiti chake mlangoni akawa anayatazama yale maji kutwa nzima, hali wala hanywi. Nilidhani ni uzee.

Mvua ilipopungua, machimbo ya mawe kule ng'ambo yakaanza tena kulipua baruti. Mlipuko wa kwanza ulipotikisa mabati, Aabo alisimama, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote. Kisha akaniuliza, kwa kile Kiswahili chake cha Mombasa, kama kuna mtu ameibuka. Nikamuuliza mtu gani. Kila walipolipua alifanya vilevile, akauliza swali lilelile, nami nikaanza kuogopa kuyatazama yale maji.

Unaikumbuka meli yake? Tulipokuwa wadogo tuliijua kuliko tulivyojua Kurani, Mungu atusamehe. Jinsi ilivyoundwa Uskoti, ikaletwa Kilindini wakati wa vita vya Wazungu, ndogo, yenye moshi mwingi. Kazi yake ilikuwa kusindikiza misafara ya meli za mizigo hadi Aden na Bombay, isiliwe na nyambizi. Mabaharia wa Kisomali waliokuwa wakichochea makaa waliiita Ngamia, kwa kuwa ilitembea kando ya msafara bila kuchoka. Ilivyovuta meli iliyovunjika usukani hadi bandarini. Ilivyookoa watu waliokaa juu ya mbao, wakanyweshwa maji kwa kijiko. Na baada ya vita, ilivyouzwa kama chuma chakavu ikakatwakatwa. Lakini kumbuka vizuri. Kila mara alipofikia ile safari ya kutoka Aden wakati wa kaskazi, aliiruka. Meli iko Aden inapakia makaa, halafu ghafla iko Kilindini inapakwa rangi. Ulimuuliza siku moja, akakuzaba kofi.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, aliniita nikae chini karibu naye, akaniambia alichokiruka.

Alisema nyambizi iliipiga meli moja ya mizigo asubuhi mapema, ikazama upesi, watu wakabaki wakielea. Ngamia ikageuka kuelekea kwao, nao wakashangilia wakijua inakuja kuwaokoa. Lakini vyombo vya meli vilisikia nyambizi imejificha chini yao palepale, na kapteni akaamuru mapipa ya baruti yaangushwe yalipukie chini ya maji. Aabo hakuwa kwenye zamu ya makaa. Alikuwa nyuma ya meli, ameshika mpini wa kuyaangusha.

Ndipo akasikia mtu majini akipiga kelele kwa Kisomali. Hakuwa akiomba msaada. Alikuwa akitaja ukoo wake, ili kama kuna Msomali juu ya sitaha ile, amjue ni nani, amwitikie. Alikuwa akisema: Bishar Abdikadir Warsame Roble. Aabo alisema aliyasikia majina ya baba zake mwenyewe yakitoka majini. Alikuwa Bishar, mdogo wake, ambaye alimwacha Berbera akichunga mbuzi, na hakujua kamwe kwamba naye alikuwa amepanda meli.

Nilimuuliza kama alimwitikia. Aabo alilia, Bishar. Sijawahi kumwona akilia. Alisema alinyamaza, kwa kuwa alijua akiitika tu, mkono wake utakataa. Akavuta mpini. Yalipotulia maji, hakuna nyambizi iliyoibuka, wala mtu.

Ulipozaliwa alikupa jina lile ili amrudishe ndugu yake nyumbani. Kisha akaona hawezi kulitamka. Wewe ni mtoto wake, ndugu yangu. Hakuwahi kuwa na shaka, hata siku moja.

Tangu Ijumaa hiyo, kila alasiri anasimama mlangoni, anaelekea yale maji yaliyobaki kwenye nyasi, na anaita. Anaita Bishar, na baba zake wote, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Lesiamon alimhurumia akamwitikia kutoka zizini. Aabo akatikisa kichwa, akasema huyo siye, akaendelea. Sijui anamwita nani kati yenu wawili, na nadhani hata yeye hajui. Amekonda sana. Sikuombi umsamehe, wala sikuombi ukae. Njoo usimame pale zizini, na akiita, uitike.

Lesiamon na mkewe Naserian wanakusalimu sana. Yule beberu wako wa pembe moja alipona, na kiburi chake bado kipo. Musau, anayekuletea barua hii, anarudi huku Jumatatu. Lori halitajaa, kuna nafasi.

Niishie hapa. Ameanza kuita.

Ni mimi dada yako,
Jawahir