Sili Mbili Ndani ya Gazeti

Jumamosi, Julai. Baridi ya kuingia kwenye mifupa. Mlima Meru haujaonekana tangu Alhamisi, na mimi nina hasira tangu saa sita mchana.

Ninaandika kwenye kafe ya intaneti hapa mjini kabla sijapanda kwenda kwangu Engutoto. Mwenye kafe anaangalia vidole vyangu na kibodi yake. Nimeviosha mara tatu kwa sabuni ya unga, bado vinanuka oili ya gia. Avumilie tu.

Leo nimelala chini ya Datsun ya Baba saa nne nzima, nyumbani Ngaramtoni. Ni pikapu ya zamani, ya bluu, aliyoinunua akiwa mwalimu wa shule ya msingi, enzi ambazo hata kumiliki gari kulihitaji kibali. Siku hizi soko ni huria, kila mwenye duka ana gari la mtumba kutoka Dubai, na vijana wanaiita Datsun yetu mkweche. Baba hakujali. Kila Jumamosi aliiosha mwenyewe kabla hajanywa chai.

Mwaka juzi ilianza kudondosha oili nyuma ya giaboksi. Pale pana sili, pete ya mpira yenye ukingo wa chuma, inayozuia oili isitoke. Ikichoka inabadilishwa, basi. Baba akalipeleka gari kwa Fundi Eliudi, mwenye gereji barabara ya Nairobi, mtu wa usharika wetu, tena mwanafunzi wake wa zamani, wa darasa la tatu. Jioni akaambiwa sili mpya imefungwa. Na kwa kuwa huku kwetu hakuna anayemwamini fundi mpaka akabidhiwe spea ya zamani, Baba aliidai, na Eliudi akampa sili iliyochakaa, imefungwa kwenye gazeti. Baba akaridhika. Akaiweka kwenye mkebe juu ya kabati.

Oili ikaendelea kutoka. Baada ya miezi michache giaboksi ikaanza kulia. Eliudi akaja nyumbani, akanywa chai yetu, akatuvuta pembeni sisi watoto na kutuambia kwa sauti ya huruma kwamba Mwalimu amezeeka, anachanganya gia, anaua gari, na ipo siku ataua mtu.

Tukakaa kikao. Mimi ndiye mkubwa kwa kuzaliwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyenyoosha mkono nikasema, "Baba, naomba ufunguo."

Alinipa.

Tangu siku hiyo anakwenda kanisani kwa miguu na fimbo yake. Kuku wanataga ndani ya pikapu. Hatukuongea tena habari za gari mpaka mwezi huu, tulipopata mnunuzi anayekuja Jumatatu, na sharti lake ni moja tu: isivuje. Nikasema sili nitaitoa mwenyewe. Utotoni mimi, binti yake, ndiye niliyemshikia Baba tochi na spana, na kazi yenyewe naijua. Kwenye duka la spea muuzaji akaniuliza, "Unataka ya Japani au ya kawaida?" Nikachukua ya Japani.

Nikapiga jeki, nikaweka mawe, nikafungua propela shafti, chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma. Oili iliyotoka kwenye giaboksi haikujaza hata nusu kikombe. Kisha nikaanza kupambana na sili yenyewe. Bisibisi ya kwanza ikapinda. Ya pili ikateleza ikanichuna kidole gumba. Nikagonga kwa patasi, nikamlaani Eliudi, maana niliamini ameibandika kwa gundi. Sijawahi kumtukana mzee wa kanisa letu kiasi kile nikiwa nimelala chali.

Ndipo nikakumbuka alivyokuwa akifanya Baba. Unatoboa matundu mawili madogo kwenye ukingo wa chuma, unakaza skrubu mbili, unavuta kwa plaizi, upande huu kidogo, upande ule kidogo, bila kukwaruza shafti. Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa nifute matope nione pa kutoboa.

Chini ya matope palikuwa na rangi.

Mwaka alioinunua, Baba alilipaka tumbo lote la gari rangi nyeusi kwa brashi, ili lisiote kutu. Rangi ile ilikuwa imeanzia kwenye chuma cha giaboksi ikapita juu ya ukingo wa sili bila kukatika, ila pale nilipogonga mimi. Nikaifuata kwa kidole mzunguko mzima. Kama sili hii ingewahi kutolewa, rangi ingekatika. Haikuwahi kuguswa. Ilikuwa ile ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani.

Niliitoboa na kuivuta kwa chuki, nakiri. Ilipoachia ilinidondokea kwenye paji la uso, mpira wake mgumu kama ukwato. Nikaingia ndani na matope yangu, nikateremsha mkebe, nikafungua gazeti, nikaziweka mbili pamoja mezani. Sili ya Eliudi ilikuwa kubwa, labda ya lori. Yetu iliingia katikati yake, nafasi ikabaki. Karibu miaka miwili imekaa juu ya kabati, na katika nyumba ya mwalimu wa hesabu hakuna aliyeipima.

Siku za mwizi ni arobaini.

Nikafunga mpya, nikajaza oili, nikawasha, nikaendesha mpaka barabarani na kurudi. Kelele zote zimekwisha, isipokuwa mguno kidogo kwenye gia ya pili. Baba hakuwa anaua kitu. Gari lilikuwa linakauka oili, na aliyeliacha likauke ndiye aliyetuambia baba yetu amekwisha.

Sasa kisasi. Nilikipanga nikiwa bado nanawa mikono.

Kila Jumapili baada ya ibada, sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa: mayai, maziwa, mikungu ya ndizi. Anayenadi ni Eliudi. Ana maneno matamu huyo, yai moja analisifia mpaka unadhani litazaa ng'ombe, na watu wanampenda. Desturi yetu ni kwamba ukinunua unatangaza mbele ya wote unamzawadia nani. Basi kesho nitaliweka gazeti lile mezani katikati ya mayai. Atalifungua kwa mikono yake, na kipaza sauti chake mdomoni. Nitanunua mimi. Na nikiulizwa namzawadia nani, nitasema, "Fundi Eliudi, na nitaeleza kwa nini."

Nataka mke wake awepo. Nataka wateja wake wawepo. Najua si Ukristo, na sijali.

Nikamfuata Baba bandani, alikuwa anamnywesha ndama. Nikamweleza yote, mpaka mnada. Nilitegemea acheke, au aseme tumwachie Mungu. Akakausha mikono, akachukua ile sili ndogo, akasugua rangi yake nyeusi kwa kidole gumba. Nikaweka ufunguo juu ya ndoo iliyofunikwa. Akautia mfukoni bila kuutazama.

"Ufunguo huu nilimpa Eliudi?" akaniuliza.

"Hapana, Baba."

"Nilimpa nani?"

"Mimi."

"Uliwahi kupanda gari nikiendesha, baada ya yeye kusema?"

Sikuwahi. Hata mara moja. Nilisikiliza maneno ya mtu aliyekunywa chai nusu saa, nikasahau miaka yote niliyokaa kiti cha pembeni nikiwa nimelala, kwa sababu aliyeshika usukani alikuwa Baba.

Akazifunga sili zote mbili kwenye gazeti, akanipa.

"Peleka. Kubwa ni yake, mrudishie. Lakini ziko mbili, mama. Hiyo ndogo nayo ina mwenyewe."

Akarudi kwa ndama wake.

Mnunuzi nimeshampigia simu, Jumatatu asije. Kesho Baba anaendesha, na mimi nitakaa kiti cha pembeni, gazeti mapajani. Hasira yangu kwa Eliudi haijapungua hata tone, na sili kubwa atakabidhiwa kama nilivyopanga, mbele ya usharika mzima. Jina lake nitalitaja kwa sauti.

Jina la pili, la mwenye ile sili ndogo, ni langu. Nimelijaribu hapa kwenye kafe, kimya kimya, mara kadhaa. Bado halijatoka vizuri.