Chupa ya Umubirizi

Mshauri wetu, nakusalimu kutoka Mutanga Sud na naomba unisaidie, maana nimejifunga mwenyewe. Mke wangu Lisette ana kansa ya titi, amepata kemo mara mbili, nywele zimeanguka lakini uvimbe umepungua, tukafurahi, basi mama yangu akaanza kuja kila asubuhi na chupa ya umubirizi, yale majani machungu ya kwetu, akisema yanasafisha damu, na Lisette akawa anakunywa kwa sababu mkaza mwana hakatai anachopewa na mama mkwe, nami nikaona hakuna ubaya. Juzi vipimo vya damu vikaonyesha ini limechoka, daktari akaahirisha dozi ya tatu, akauliza, "Kuna dawa ingine anakunywa?" Mama alikuwa amekaa papo hapo, chupa mapajani. Nikajibu, "Apana, docteur." Lisette naye akanyamaza. Sasa anasema kemo inamuunguza ini na harudi tena hospitali. Nikisema ukweli namwaibisha mama, nikinyamaza nampoteza mke. Nifanyeje?

Jovithe

Jovithe, pole. Lakini mlikuwa watu watatu mle chumbani na wote mkajali adabu kuliko uhai wa mgonjwa.

Dawa nyingi za kemo hupitia kwenye ini, na baadhi hulichosha zenyewe. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya dozi. Kuahirishwa si kushindwa: mara nyingi ini likipumzishwa hurudi katika hali yake, na matibabu huendelea, pengine kwa dozi ndogo au dawa nyingine. Je, kosa ni la umubirizi? Mimi sijui, wewe hujui, na daktari hawezi kujua maadamu mnamficha.

Umubirizi usimame leo. Mwambie Lisette, mkiwa wawili, kwamba bado haijajulikana kama kemo ndiyo yenye kosa, na asiiache kabla daktari hajasikia yote. Kesho asubuhi, bila kungoja miadi, peleka chupa na majani yenyewe. Sema, "Nilikudanganya." Hutakuwa wa kwanza. Taja pia vidonge vya maumivu mnavyojinunulia. Na macho ya Lisette yakigeuka manjano, au mkojo ukawa mweusi kama chai, mpeleke siku hiyo hiyo.

Mama yako usimkemee. Nenda naye, amuulize daktari mwenyewe ampikie nini mgonjwa. Anachotaka ni kufika kwenu asubuhi akiwa na kitu mkononi. Chupa ile ile akiiosha vizuri itabeba supu, na Lisette ataimaliza bila kujilazimisha.